Mnyenyekevu Naye Hulala

Yesu alipojifunga kitambaa kiunoni na kutia maji bakulini ili awaoshe wanafunzi wake miguu, Petro alikataa. "Wewe hutanitawadha miguu kamwe," alisema. Ukiyasikia maneno hayo juujuu, ni maneno ya mtu mnyenyekevu: mwanafunzi anayejua nafasi yake na asiyependa kuona bwana wake akiinama mbele yake. Jibu alilopewa lilikuwa kali. "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Habari hii iko katika Injili ya Yohana, sura ya 13, na wahubiri huitumia sana kufundisha juu ya kuwahudumia wengine. Upande wake wa pili, ule wa kukubali kuhudumiwa, aghalabu hupita bila kuguswa.

Na huo ndio upande unaowatatiza waumini wengi. Mtu anakesha na mgonjwa usiku kucha, lakini akiumwa yeye hasemi. Anaimba kwaya, anafundisha watoto, anafariji wafiwa, anaamka alfajiri kwa maombi, kisha mwili unapogoma anajilaumu kwa uvivu wa kiroho. Akisikia watu wanazungumzia kujitunza anaingiwa na wasiwasi, kwa kuwa katika masikio yake neno hilo linakaribiana mno na ubinafsi. Atawezaje kujikana na wakati huohuo kujitunza? Je, kupumzika si kujipendelea?

Wasiwasi huo una chanzo, tena chanzo cha kuheshimiwa. Yesu mwenyewe alisema, "Mtu ye yote akitaka kunifuata, na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake, anifuate." Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba kila mtu amhesabu mwenzake kuwa bora kuliko nafsi yake. Na katika waraka wa pili kwa Timotheo, orodha ya maovu ya siku za mwisho inaanza na watu "wenye kujipenda wenyewe". Mtu akiyasoma maneno haya kwa moyo mnyofu anaweza kufikia uamuzi kwamba kadiri anavyojidhoofisha ndivyo anavyomkaribia Mungu. Naamini uamuzi huo si sahihi, na umewaumiza watu wema wengi. Lakini hauwezi kujibiwa kwa kuyaruka maandiko hayo au kuyapunguzia makali. Inabidi tuulize yanadai nini hasa, na ni nini ambacho hayadai.

Tuanze na unyenyekevu wenyewe. Katika Warumi 12:3 Paulo anamwambia kila mtu asinie makuu kupita inavyompasa, bali awe na nia ya kiasi. Kipimo chake ni kiasi. Anakataza kujiona mkubwa kuliko ulivyo, na hasemi popote kwamba ujione mdogo kuliko ulivyo. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliuweka unyenyekevu katika familia ya fadhila za kiasi kwa sababu hiyohiyo: kazi yake ni kuizuia nafsi isikimbilie yaliyo juu ya uwezo wake. Karne tatu baadaye Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania, alisema kwa ufupi kwamba unyenyekevu ni kuenenda katika kweli.

Ufafanuzi huo wa Teresa unanisaidia kuliko mwingine wowote, kwa sababu kweli haichagui upande. Mtu mwenye sauti nzuri anayeapa kwamba hajui kuimba hasemi kweli, hata kama anainamisha kichwa anaposema. Fundi hodari anayejiita bure anadharau kipaji alichopewa, na pamoja nacho anamdharau aliyekitoa. Vivyo hivyo, mwanadamu anayeishi kana kwamba hahitaji chakula, usingizi, marafiki na tabibu hasemi kweli juu yake mwenyewe. Anajidai kuwa kitu ambacho siye.

Zaburi 103 inasema kwamba Mungu "anatujua umbo letu, na kukumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi". Mwimbaji wa zaburi hiyo hatoi lawama. Mstari wa kabla yake unazungumzia baba anavyowahurumia watoto wake. Mungu anakumbuka kwamba sisi ni mavumbi. Anayesahau ni sisi. Na jambo linalotukumbusha kwa uaminifu kuliko lolote ni usingizi. Karibu theluthi ya maisha yetu tunalala, macho yamefumba, hatusimamii chochote, na dunia inaendelea. Zaburi 121 inamtaja mmoja tu asiyesinzia wala kulala, naye ni mlinzi wa Israeli. Zaburi 127 inaongeza kwamba kuamka mapema na kuchelewa kulala kwa ajili ya taabu ni kazi bure, kwa kuwa Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Kwa hiyo mhudumu anayejinyima usingizi mwaka baada ya mwaka, akihofu kwamba akilala mambo yataharibika, ameishika zamu isiyo yake.

Kama hoja hii bado inaonekana nyepesi, mtazame Yesu. Marko anasimulia kwamba dhoruba ilipokuja alikuwa amelala katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, kichwa kikiwa juu ya mto. Yohana anamwonyesha akiketi kisimani huko Samaria kwa sababu alikuwa amechoka na safari, akimwomba maji mwanamke ambaye Wayahudi wengine wasingeongea naye. Luka, katika mistari ya kwanza ya sura ya 8, anawataja Mariamu Magdalene, Yoana mkewe Kuza, Susana na wanawake wengine wengi waliomhudumia yeye na wanafunzi wake kwa mali zao. Alikula chakula kilicholipiwa na wengine. Alikubali mafuta ya thamani yamiminwe miguuni pake, na waliponung'unika kwamba ni ufujaji alimtetea mwanamke aliyeyamimina. Yule anayeitwa kielelezo cha unyenyekevu alijua kupokea, na hakuna dalili kwamba alipokea kwa kinyongo au aibu.

Sasa tumwangalie Musa, kwa sababu hapa jambo linakuwa gumu zaidi. Hesabu 12:3 inasema alikuwa mpole kuliko wanadamu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi. Huyohuyo, katika Kutoka 18, anakutwa na mkwewe Yethro akiamua kesi za taifa zima peke yake, watu wakiwa wamemzunguka tangu asubuhi hadi jioni. Musa ana maelezo mazuri: watu wanamjia wamwulize Mungu. Nani angethubutu kuikosoa huduma kama hiyo? Yethro alithubutu. "Jambo hili ufanyalo si jema," alimwambia, akaeleza kwamba atadhoofika yeye pamoja na watu alio nao. Sehemu hiyo ya mwisho hupuuzwa, nayo ni muhimu sana. Uchovu wa kiongozi haumlemei yeye peke yake. Wale wanaongoja foleni siku nzima wapate dakika chache za mtu aliyekwisha nguvu nao wanaumia. Dawa ya Yethro ilikuwa kuchagua wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, wabebe mambo madogo. Musa akakubali. Alimsikiliza kuhani wa Midiani, mtu wa nje, juu ya namna ya kuendesha kazi aliyopewa na Mungu mwenyewe. Mimi upole wake nauona hapo, katika kusikiliza, kuliko katika saa nyingi alizokuwa ameketi akiamua.

Inawezekana kabisa, basi, kwamba anayejichosha kwa ajili ya wengine anaendeshwa na kiburi kilichovaa nguo za huduma. Mawazo yake ya ndani yanasema: bila mimi hapafanyiki kitu, wengine hawajui kufanya vizuri, Mungu ananihitaji. Nasema inawezekana, wala sisemi ni hivyo daima. Wapo wanaojichosha kwa sababu walilelewa kuamini kwamba hupendwi mpaka ufae kwa kazi. Wapo wanaoogopa kumuudhi kiongozi. Wapo ambao hawana mtu mwingine wa kuwasaidia. Kumwambia mama anayemuuguza mtoto mlemavu kwa miaka mingi kwamba uchovu wake ni kiburi ni ukatili, na pia si kweli. Swali linalofaa kuulizwa kwa upole ni hili: ukipata mtu wa kukupokea, unaweza kuachia?

Habari ya Eliya inafafanua jambo hili kwa njia nyingine. Katika 1 Wafalme 19, baada ya ushindi mkubwa mlimani Karmeli, anatishiwa na Yezebeli, anakimbilia Beer-sheba, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Sababu anayoitoa ni kwamba yeye si mwema kuliko baba zake. Sentensi hiyo ikitolewa mahali pake inaonekana kama ungamo la mtu mnyenyekevu. Ndani ya habari yenyewe ni sauti ya mtu aliyekata tamaa. Kujidharau na kunyenyekea vinaweza kutumia maneno yaleyale, na ndiyo maana watu wanavichanganya.

Mungu alimjibuje? Hakumkemea. Hakumpa mafundisho. Eliya alilala, malaika akamgusa na kumwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula, akimwambia kwamba safari ni kubwa mno kwake. Ni baada ya hapo tu, na baada ya mwendo wa siku 40 hadi Horebu, ndipo mazungumzo yalipoanza. Huko Eliya alisema mara mbili kwamba amesalia yeye peke yake. Mungu akamsahihisha: wako watu 7,000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti, na yuko Elisha atakayeshika nafasi yake. Katika habari moja Eliya alikuwa amejishusha kupita kweli, kwa kujiona hafai kuishi, na kujipandisha kupita kweli, kwa kujiona ndiye mwaminifu wa mwisho. Makosa hayo mawili hukaa pamoja katika moyo uliochoka. Mkate, maji na usingizi vilimwandaa ayasikie maneno yaliyomrudisha katika kweli.

Lakini vipi kuhusu kujikana? Hatuwezi kulikwepa. Katika Marko 8, Yesu alitamka maneno hayo mara tu baada ya kutabiri kifo chake na Petro kumkemea. Waliomsikia walijua msalaba ni nini: chombo cha Warumi cha kuwaua watu. Aliwataka wawe tayari kupoteza hata uhai kuliko kumwacha. Kinachokanwa hapo ni madai ya nafsi ya kuwa bwana wa mwisho, yaani haki ya kusema "nitakufuata mpaka pale nitakapoanza kupata hasara". Dai hilo ni zito, na Mkristo anayejitunza kwa kulikwepa hajajitunza. Ila msalaba, katika maneno ya Yesu, ni gharama inayotokana na kumfuata. Jino linalouma miezi sita kwa kukataa kwenda hospitali si msalaba. Shinikizo la damu lisilopimwa si msalaba. Hayo ni maumivu yasiyo na sababu, na hayamfanyi mtu yeyote kuwa mtakatifu zaidi.

Paulo aliliona kosa hili mapema. Wakolosai walikuwa na walimu waliowatoza amri za kutoshika, kutoonja, kutogusa. Katika Wakolosai 2:23 anasema mambo hayo yanaonekana kana kwamba yana hekima, katika ibada waliyojitungia wenyewe, katika kunyenyekea na katika kuutawala mwili kwa ukali, lakini hayafai kitu katika kuzizuia tamaa. Hapo anautaja waziwazi unyenyekevu wa kujitungia, wenye sura ya utauwa, unaoutesa mwili na kuiacha nafsi palepale ilipokuwa. Na mtume huyohuyo anayewataka Wafilipi wawahesabu wengine kuwa bora anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Akiwa kifungoni anaagiza aletewe joho alilomwachia Karpo kule Troa, pamoja na vitabu vyake. Wachungaji wa Efeso anawaambia wajitunze nafsi zao na kundi lote, kwa mpangilio huo.

Historia ya Kanisa ina mashahidi wengine, na ninaowapenda zaidi ni wale waliolijifunza hili kwa kuumia. Bernardo wa Clairvaux, mtawa wa karne ya 12, katika ujana wake aliutesa mwili kwa mifungo na mikesha mpaka tumbo likaharibika; askofu aliyekuwa rafiki yake ilibidi amtenge na shughuli za monasteri kwa muda ili apate nafuu, na afya yake haikurudi kamwe kama ilivyokuwa. Mwaka 1145 mmoja wa watawa wake wa zamani alichaguliwa kuwa Papa Eugenio III, na kwa miaka iliyofuata Bernardo alimwandikia mashauri. Mtu angetarajia amhimize atumike zaidi. Alimwonya kwamba wingi wa shughuli unaweza kuufanya moyo kuwa mgumu, moyo usiohisi tena hata ugumu wake. Alimweleza kwamba kama anakuwa mali ya watu wote, basi naye awe mmoja wa hao wote, kwa kuwa si haki kila mtu anufaike na yeye isipokuwa yeye mwenyewe. Haya yanatoka kwa mtu aliyeandika kwa kina juu ya ngazi za unyenyekevu. Hakuona mgongano wowote.

Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alipita njia kama hiyo. Alipokuwa Manresa, mji wa Hispania, mwaka 1522 na 1523, alifunga kupita kiasi, aliacha nywele na kucha zikue ovyo, na akajiharibia tumbo kwa maisha yake yote. Mwaka 1548 alimwandikia Fransisko Borja, mtawala wa Gandia aliyekuwa akijitesa kwa mifungo na mapigo, akimtaka apunguze. Hoja yake ilikuwa kwamba roho na mwili vyote ni vya Muumba, na mwenye navyo atatoa hesabu ya vyote viwili. Kanuni ya Benedikto nayo, mwongozo wa maisha ya watawa wa karne ya 6, ina sura nzima yenye hatua 12 za unyenyekevu, tena kali. Kanuni hiyohiyo inaagiza wagonjwa watunzwe kabla ya mambo yote, na inamkumbusha abati, mkuu wa monasteri, maneno ya Yakobo kwamba mifugo ikiharakishwa kupita kiasi itakufa yote kwa siku moja.

Kuna swali ambalo mapokeo haya hayakuliuliza vya kutosha: nani anaambiwa ajinyenyekeze, na nani anayemwambia? Mwaka 1960 mwanateolojia wa Marekani, Valerie Saiving, aliandika makala iliyozua mjadala mrefu. Alidai kwamba wanateolojia, karibu wote wanaume, walikuwa wameeleza dhambi ya asili ya mwanadamu kuwa kiburi na kujikweza kwa sababu hayo ndiyo majaribu waliyoyajua wao. Wanawake wengi, alisema, huanguka upande wa pili: kujipoteza ndani ya mahitaji ya wengine mpaka hakuna mtu aliyebaki wa kumpenda Mungu au jirani. Ukimhubiria mtu wa namna hiyo ajishushe zaidi, unamsukuma kulekule anakozama. Si kila mtu aliyekubaliana na mgawanyo wake wa wanaume na wanawake, nami naona hali hiyo huwapata wanaume pia, hasa waliolelewa katika hofu. Ila hoja yake ya msingi inasimama. Dawa ya kiburi haimponyi aliyevunjika.

Hapa ndipo mafundisho ya unyenyekevu yanapogeuzwa silaha. Mke anayepigwa anaambiwa avumilie kwa unyenyekevu. Mhudumu asiyelipwa kama alivyoahidiwa anaambiwa asidai, kwa kuwa kudai ni majivuno. Kijana anayemuuliza kiongozi habari za fedha za kanisa anaambiwa ana roho ya uasi. Nisikwepe: huu ni unyanyasaji, na kuutia jina la Kristo kunauzidisha ubaya. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakunyamaza, aliuliza, "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Watu wa Nazareti walipotaka kumtupa chini ya mlima alipita katikati yao akaenda zake. Paulo, baada ya kupigwa na kufungwa Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Alitaka wakuu waje wenyewe, kwa kuwa yeye na Sila walikuwa raia wa Rumi na haki yao ilikuwa imevunjwa. Hakuna anayewaita watu hawa wenye majivuno.

Kujitoa kwa Kristo kulikuwa kwa hiari. "Hakuna mtu aniondoleaye," alisema juu ya uhai wake, "bali mimi nautoa mwenyewe." Na Yohana, kabla ya kusimulia jinsi alivyoosha miguu, anatuambia alikuwa akijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Aliinama akijua yeye ni nani. Anayeinama kwa sababu ameaminishwa kwamba si kitu anafanya jambo tofauti, hata kama mgongo umepinda vilevile.

Pamoja na haya, sitaki kuitetea kila bidhaa inayouzwa kwa jina la kujitunza. Zipo namna za kujitunza ambazo kwa kweli ni kujifungia: kukata kila uhusiano unaodai uvumilivu, kuita kila ombi la msaada usumbufu, kutumia fedha nyingi kutafuta utulivu wa nafsi huku mwenye shida akikosa. Onyo la waraka wa Timotheo lina kazi yake hapa. Kipimo kizuri nakiona katika amri ya Sabato. Kumbukumbu la Torati 5 haimpi pumziko mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye malangoni, kisha inatoa sababu: nawe ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Pumziko langu likisimama juu ya mgongo wa mtu asiyeruhusiwa kupumzika, bado si lile aliloliagiza Mungu. Ninayemwajiri, anayenipikia, anayenilindia mlango usiku, wote wamo katika amri hiyo.

Kuna pia ile habari ya Marko 6. Mitume wamerudi kutoka utume wamechoka, watu wanakuja na kwenda hata hawana nafasi ya kula. Yesu anawaambia waje peke yao kwa faragha wapumzike kidogo. Wanapanda chombo. Wakifika, umati umewatangulia kwa miguu, na Yesu anawahurumia, anaanza kufundisha, siku inaishia katika kulisha watu 5,000. Pumziko lilivunjwa na huruma. Wengine hutumia habari hii kuthibitisha kwamba mhudumu hana likizo. Naona tusome mpaka mwisho: baada ya kushiba umati, Yesu anawatanguliza wanafunzi chomboni, anawaaga watu, anapanda mlimani peke yake kuomba. Faragha iliahirishwa kwa saa kadhaa, wala haikufutwa. Upendo una haki ya kuukatiza mpango wa mapumziko. Hauna desturi ya kuufanya usiwepo kamwe.

Wataalamu wa afya wanaeleza kinachotokea mapumziko yasipokuwepo. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alieleza hali ya kuchakaa kwa kazi baada ya kuiona kwa watu waliojitolea, naye akiwamo, katika zahanati ya bure mjini New York. Hawakuwa wavivu, walikuwa ndio wenye moyo zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo kuwa jambo linalotokana na kazi, si ugonjwa kwa maana kamili, lenye alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuiona vibaya, na kujihisi hufanyi kazi kwa ufanisi. Alama ya pili inapaswa kumshtua kila Mkristo. Mchungaji anayeanza kuwaona waumini kama kero, muuguzi anayekasirishwa na kengele ya mgonjwa, mzazi anayetamani watoto wasiseme naye: upendo wenyewe umeanza kuisha, ule uliokuwa sababu ya kujichosha. Na ikiwa huzuni imekaa wiki kadhaa, usingizi na hamu ya chakula vimebadilika, au mawazo ya kufa yanakuja, hapo si suala la ratiba tena. Anahitaji tabibu haraka, pamoja na maombi, na kumpeleka ni wajibu wa walio karibu naye.

Kwa kuwa ukweli ni kwamba wengi wa waliochoka hawawezi kujitunza peke yao. Ushauri wa kwenda likizo haumsaidii anayemuuguza mzazi asiye na mtu mwingine, wala mhudumu ambaye mshahara wake ukikatika watoto hawali. Katika Wagalatia 6 Paulo anaagiza watu wachukuliane mizigo, na mistari michache baadaye anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Yote mawili yanahitajika. Kwenye furushi langu yamo mambo ambayo hakuna atakayenifanyia: kulala, kula kwa wakati, kupima afya, kusema "hapana" bila kutunga uongo, na kusema "nisaidieni" kabla sijaanguka. Kwenye mzigo wa pamoja yamo ambayo kusanyiko linaweza kuyafanya wiki hii: kumpokea mama yule usiku mmoja ili alale, kumpa mwalimu wa watoto msaidizi, kumlipa mhudumu stahili yake, kuuliza kwa nini kazi zote ziko mikononi mwa watu walewale wanne. Musa alipolemewa tena, katika Hesabu 11, alimwambia Mungu kwamba hawezi kuwachukua watu wale wote peke yake. Mungu hakumwambia ajikaze. Alimwambia akusanye wazee 70, wauchukue mzigo wa watu pamoja naye.